Namna ya kutaja mahali kwenye mwili: mkao wa anatomia, pande, mabapa na mikao ya mgonjwa

"Kidonda juu ya mkono wa kulia." Sentensi kama hii imejaa kwenye mafaili ya wagonjwa, na kila anayeisoma anaona kitu chake. Mkono kwa Kiswahili huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. "Juu ya" yaweza kuwa kwenye ngozi, karibu na bega, au mgongoni mwa kiganja. Hata hiyo "kulia" yaweza kuwa kulia kwa mwandishi aliyesimama akitazamana na mgonjwa. Maneno sita yameandikwa, na daktari wa zamu inayofuata bado hajui aangalie wapi.

Lugha ya anatomia iliundwa kuondoa utata huo. Orodha ya kwanza ya majina yaliyokubaliwa na wanaanatomia kwa pamoja ilipitishwa Basel, Uswisi, mwaka 1895. Inayofuatwa siku hizi, Terminologia Anatomica, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Mizizi yake ni Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo mwanafunzi wa Muhimbili na wa Muscat hujifunza majina yaleyale. Hapa tunayaandika kwa matamshi ya Kiswahili na kuyafunga kwenye maneno tuliyonayo tayari. Mwongozo unamfaa mwanafunzi wa uuguzi, utabibu au fiziotherapia, anayepiga picha za eksirei, na yeyote anayejaza fomu ya majeruhi ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, ambayo huenda ikasomwa mahakamani na mtu ambaye hakumwona mgonjwa kabisa.

Hatua ya 1: Taja kipande, usitaje kiungo kizima

Kabla ya kuingia kwenye mbele na nyuma, gawanya kiungo. Mkono una bega, mkono wa juu (kutoka bega hadi kiwiko), kigasha (kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono), kiganja na vidole. Mguu una nyonga, paja, goti, muundi upande wa mbele na tafu upande wa nyuma, kifundo cha mguu, kisigino na wayo. Mgawanyo huu una kazi. Chanjo ya BCG huchomwa kwenye kigasha cha kushoto nchini Kenya, na kwenye mkono wa juu wa kulia nchini Tanzania. Anayetafuta kovu la mtoto aliyehama na familia yake kwa kusoma tu "mkononi" atapekua mahali pasipo na kitu.

Neno "tumbo" ni gumu zaidi, maana hubeba vitu vitatu: eneo lote kati ya mbavu na nyonga, mfuko unaopokea chakula, na mimba. Kwa eneo andika fumbatio. Kwa mfuko andika tumbo la chakula. Kwa mimba taja uterasi au mji wa mimba. Viungo vya kukunjia navyo vina mtego wake. Kwa wengi leo kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati, lakini wapo wanaoita hivyo kiungo cha kigasha na kiganja, na wapo watu wa pwani ambao kisigino kwao ni cha mkono pia. Usibishane na mgonjwa kuhusu kamusi. Mwambie aguse kwa kidole kimoja, kisha andika ulichokiona.

Kuna msemo mmoja unaostahili tahadhari ya pekee: "moyo unaniuma." Mara nyingi mkono wa anayesema hivyo hutua kwenye chembe cha moyo, kile kishimo kilicho chini ya ncha ya kidari, ambacho anatomia hukiita eneo la epigastria. Maumivu ya hapo huweza kutoka kwenye tumbo la chakula, kongosho au mfuko wa nyongo. Huweza pia kutoka kwenye moyo wenyewe, kwa hiyo usimcheke wala usimrudishe nyumbani kwa dawa ya kiungulia kabla hajapimwa. Andika maneno aliyotumia pamoja na mahali alipogusa. Vyote viwili ni taarifa.

Hatua ya 2: Msimamishe mgonjwa kichwani mwako

Mtu amesimama wima. Uso na macho vimeelekea mbele. Mikono imening'inia kando ya kiwiliwili, viganja vikitazama mbele na vidole gumba vikitazama nje. Miguu imekaribiana, vidole vyake vimeelekea mbele. Huo ndio mkao wa anatomia, na maelezo yote hutolewa kana kwamba mgonjwa amesimama hivyo, hata kama amelala kifudifudi kwenye meza ya upasuaji au mguu wake umening'inizwa kwa sababu ya mfupa wa paja uliovunjika. Aliyelala kitandani, kichwa chake bado kiko juu ya shingo yake kwa lugha ya anatomia, ingawa kwa macho viko usawa mmoja.

Kinachowasumbua wengi ni viganja, maana hakuna anayesimama hivyo kwa kawaida. Mikono ikining'inia yenyewe, viganja hutazama mapaja. Sababu ya kuchagua mkao usio wa kawaida iko ndani ya kigasha. Kigasha kina mifupa 2: radiasi upande wa kidole gumba, na ulna upande wa kidole cha mwisho. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo hulala sambamba. Kiganja kikigeuzwa kitazame nyuma, radiasi huvuka mbele ya ulna zikafanya umbo la X.

Jihisi mwenyewe. Kunja kiwiko cha kushoto nyuzi 90. Kwa kidole cha mkono wa kulia tafuta nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kiwiko, kisha telezesha kidole kama sm 2 kuelekea kiganjani hadi kitumbukie kwenye kishimo kidogo. Bonyeza taratibu, halafu geuza kiganja cha kushoto chali, kifudifudi, chali tena. Kile kitu cha mviringo kinachozunguka chini ya kidole chako ni kichwa cha radiasi. Ulna haizunguki. Bila makubaliano ya kiganja kutazama wapi, hakuna awezaye kusema kipi kiko mbele na kipi kiko nje katika nusu ya chini ya kigasha.

Hatua ya 3: Kulia na kushoto ni vya mgonjwa

Kulia ni kulia kwa mgonjwa, hata ukiwa unatazamana naye. Liandike neno lote. Kwa Kiingereza herufi moja inatosha kutofautisha pande hizi, lakini kwa Kiswahili "K" haisaidii kitu, na "Ku" pia haisaidii, kwa kuwa kulia na kushoto yote huanza hivyo. Tumeona fomu zenye "paja K" na hakuna aliyeweza kuapa ni lipi.

Picha ya eksirei ya kifua hutazamwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako anakutazama, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Picha za sitiskani (CT scan) zilizokatwa kwa mkingamo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali ukitazama kuelekea kichwani. Hapo pia kulia kwake kuko kushoto kwako. Thibitisha kwa alama ya upande iliyowekwa wakati wa kupiga picha. Usikisie kwa kutafuta moyo, kwa sababu wapo watu wachache wanaozaliwa na moyo uliolalia kulia, na hao ndio utakaowageuza kimakosa.

Hatua ya 4: Pande, kwa jozi zake

Kila neno la upande ni la kulinganisha. "Kidonda kiko distali" ni sentensi iliyokatika. Distali ya nini? Kama baada ya neno la upande hakuna "ya kitu fulani", maelezo hayajakamilika.

Anteria ni upande wa mbele na posteria ni wa nyuma. Kidari kiko anteria ya moyo. Uti wa mgongo uko posteria yake. Utakutana pia na ventrali, upande wa tumbo, na dorsali, upande wa mgongo. Kwa binadamu aliyesimama jozi hizi mbili huangukia pamoja. Kwa ng'ombe haziangukii pamoja: tumbo lake linatazama chini na kichwa ndicho kilicho mbele. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushikilia dorsali na ventrali, na kwa kichwani na mkiani husema kraniali na kaudali.

Superia ni kuelekea kichwani, inferia ni kuelekea nyayoni. Figo la kulia kwa kawaida liko inferia kidogo ya la kushoto, kwa kuwa ini limelikalia. Epuka "juu ya" katika maandishi ya kitabibu. Likikulazimu, fafanua: juu kwa maana ya kuelekea kichwani, au juu kwa maana ya kwenye uso wa ngozi.

Mediali ni kuelekea mstari wa katikati ya mwili, laterali ni kutoka mstari huo kuelekea ubavuni. Pua iko mediali ya macho, masikio yako laterali yake. Wengi hutafsiri kwa "ndani" na "nje", na hapo ndipo makosa huanza. "Kidonda ndani ya paja" humaanisha kilichozama kwenye misuli au kilicho upande unaogusana na paja la pili? Sema "upande wa kati wa paja" kwa mediali, na uache "ndani" kwa kina.

Sasa jipime: kidole gumba cha mkono kiko upande gani? Anayetazama mikono yake ikiwa juu ya meza, viganja vimelala kifudifudi, atasema mediali. Amekosea, kwa kuwa amesahau Hatua ya 2. Viganja vikitazama mbele, kidole gumba kiko laterali. Cha mguu kiko mediali. Tofauti hii haikutokea ovyo. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 ya ukuaji wa kiinitete, mikono huzunguka kuelekea nje na miguu huzunguka kuelekea kati. Ndiyo sababu kiwiko huelekea nyuma na goti huelekea mbele, na ndiyo sababu kukunja goti hupeleka mguu nyuma ilhali kukunja kiwiko huleta kigasha mbele. Ukilielewa hili mara moja, nusu ya mambo ya kukariri kuhusu viungo vinne yanakuwa na sababu.

Proksimali na distali ni za viungo virefu: proksimali ni karibu na mahali kiungo kinapoungana na kiwiliwili, distali ni mbali na hapo. Kiwiko kiko distali ya bega, kiko proksimali ya kifundo cha mkono. Kwenye mkono na mguu maneno haya hushinda superia na inferia, kwa sababu mkono ukiinuliwa hayabadiliki hata kwa anayesoma haraka. Kwa utumbo, hesabu kwa njia ya chakula: distali ni kuelekea njia ya haja kubwa. Kwa ateri, hesabu kutoka moyoni. Ndiyo maana mtu akivunjika mfupa wa paja au muundi tunapapasa mapigo distali ya mvunjiko: tunataka kujua kama damu inavuka.

Kwa kina tuna juujuu na kina chenyewe: ngozi iko juujuu ya msuli, mfupa uko kwenye kina zaidi ya msuli. Kwa pande mbili za mwili tuna ipsilaterali, upande uleule, na kontralaterali, upande wa pili. Kiharusi katika nusu ya kushoto ya ubongo mkubwa hulegeza mkono na mguu wa kontralaterali, yaani wa kulia. Kiganja kina uso wa palmari na uso wa dorsali, ule tunaouita mgongo wa kiganja. Wayo una uso wa plantari unaokanyaga chini, na uso wa juu wenye mishipa ndio wa dorsali, japo unatazama mbele na juu. Na ubongo una kawaida yake, kwa kuwa kichwa cha binadamu kimepinda kwa karibu pembe ya mraba na uti wa mgongo: kwenye ubongo mkubwa, dorsali ni kuelekea utosini.

Hatua ya 5: Mabapa matatu

Bapa ni uso wa kufikirika unaoupasua mwili kama kisu. Aliyewahi kusimama mbele ya muuza samaki anayajua mabapa tayari.

Nguru akikatwa vipande vya mviringo, kila kipande kikiwa na kitundu cha uti katikati, kisu kimepita kwenye bapa la transvesa, yaani la mkingamo. Linatenga superia na inferia. Kwenye sitiskani huitwa aksiali, na ndilo bapa la picha nyingi utakazoletewa.

Samaki akipasuliwa kwa urefu kutoka kichwani hadi mkiani akafunguka nusu mbili, kulia na kushoto, hilo ni bapa la sajitali. Jina linatokana na neno la Kilatini la mshale. Likipita katikati kabisa huitwa sajitali ya kati, na hilo ni moja tu. Yaliyo sambamba nalo upande huu au ule ni mengi: minofu ya sangara inayotenganishwa na mfupa pale Mwanza imekatwa kwenye sajitali ya pembeni.

La tatu ni koronali, kutoka neno la taji, nalo linatenga mbele na nyuma. Muuza samaki hana mkato huo, kwa kuwa ungetenga mgongo na tumbo. Kwa binadamu, weka viganja vyako viwili pembeni ya kichwa juu ya masikio, kisha fikiria karatasi ngumu inayopita toka kiganja hadi kiganja, ikishuka mwili mzima. Ndilo hilo.

Kosa linalojirudia ni kudhani bapa ni mahali pamoja. Mtu anasema "picha ya transvesa" bila kusema ya usawa gani. Transvesa ya shingo na transvesa ya nyonga hazifanani hata kidogo. Taja bapa na usawa, kwa mfano "transvesa kwenye usawa wa pingili ya kwanza ya kiuno". Kosa la pili ni mkato uliopinda: mgonjwa akilala kichwa kimegeuka kidogo, jicho moja huonekana kwenye picha na la pili halionekani, na asiyezoea huandika kwamba halipo.

Mienendo nayo hufuata mabapa. Kwenye sajitali kuna kukunja, fleksheni, na kukunjua, ekstensheni. Kwenye koronali kuna abduksheni, kupeleka kiungo mbali na mstari wa kati, na aduksheni, kukirudisha. Kwenye transvesa kuna kuzungusha. Abduksheni na aduksheni zinatengwa na sauti moja tu, na wodini kuna kelele. Kwa mdomo sema "peleka mbali" na "rudisha kati", istilahi uziache kwenye karatasi. Kwa vidole vya mkono mstari wa kati ni kidole cha kati, kwa vya mguu ni kidole cha pili. Kidole gumba cha mkono kimegeuka kwa nyuzi karibu 90, hivyo abduksheni yake hukipeleka mbele, mbali na kiganja. Kugeuza kiganja, Kiswahili kinasaidia kuliko lugha nyingi: supinesheni ni kulaza kiganja chali, pronesheni ni kukilaza kifudifudi.

Hatua ya 6: Taja mkao aliolazwa mgonjwa

Mkao wa anatomia ni wa kufikirika. Mkao wa mgonjwa ni wa kweli, na huandikwa peke yake.

Chali na kifudifudi hazina utata. Kulala ubavu huitwa kwa ubavu uliogusa godoro: "ubavu wa kushoto" maana yake wa kushoto uko chini. Mjamzito aliyepita wiki 20 hatakiwi kulazwa chali kabisa kwa muda mrefu, kwa sababu uterasi hubana mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu za chini. Shinikizo la damu hushuka, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, na mtoto akapungukiwa. Mlaze ubavu wa kushoto, au wekea kabari chini ya nyonga ya kulia ainame nyuzi 15 hadi 30. Mwenye fahamu hafifu anayepumua mwenyewe hulazwa ubavu ili matapishi yatoke nje badala ya kuingia kwenye mapafu, ila kama unashuku shingo imeumia usimgeuze peke yako.

Mkao wa Fowler ni kuketi kitandani mgongo ukiwa umeinuliwa nyuzi 45 hadi 60; nusu-Fowler ni nyuzi 30 hadi 45; Fowler ya juu ni hadi 90. Humsaidia anayehema kwa shida, kwa kuwa viungo vya fumbatio huteremka na kiwambo cha kupumulia kupata nafasi. Vitabu hutofautiana kidogo kwenye mipaka hiyo, hivyo andika nyuzi zenyewe. Kinachoharibika ni mgonjwa kuteleza: baada ya muda mgongo umejikunja, kidevu kimegusa kifua, na ngozi ya sehemu ya chini ya mgongo inavutwa hadi kuanza kidonda. Inua kwanza upande wa magoti, kisha upande wa kichwa.

Trendelenburg ni kulala chali kitanda kikiinamishwa kichwa kiwe chini ya miguu. Wengi bado humwekea hivyo mgonjwa aliyeshuka presha, ingawa viungo vya fumbatio husukuma mapafu na shinikizo kichwani hupanda. Kuinua miguu tu hutosha kama hatua ya muda. Lithotomia ni chali, mapaja yamekunjwa na kutanuliwa, kama kwenye uchunguzi wa shingo ya kizazi. Jina lake latokana na upasuaji wa kale wa kutoa mawe ya kibofu. Inua na teremsha miguu yote miwili kwa pamoja, la sivyo kiuno husokotwa. Na kamba ya kitovu ikitangulia kabla ya mtoto, mama huwekwa magoti na kifua, mkao unaofanana na kusujudu: kichwa chini, makalio juu, ili uzito wa mtoto uondoke kwenye kamba hiyo wakati mnaharakisha kumpeleka kwenye upasuaji.

Kwenye eksirei ya kifua andika pia miale ilipita wapi. Ikiingia mgongoni na kutokea kifuani, moyo uko karibu na sahani inayonasa picha na ukubwa wake kwenye picha unakaribia wa kweli. Umbali wa kawaida ni sm 180. Mgonjwa asiyeweza kusimama hupigwa kutoka mbele, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Asiyeandika hilo humpa mtu ugonjwa wa moyo asiokuwa nao.

Hatua ya 7: Pima kutoka kwenye mfupa

Ngozi na mafuta husogea, chuchu hutofautiana, kitovu hushuka. Mfupa hukaa. Telezesha kidole kutoka kishimo cha chini ya koo kuteremka kwenye kidari. Baada ya sm 5 hivi utagusa tuta la mkingamo. Pembeni mwa tuta hilo ni ubavu wa 2, na chini ya ubavu huo ni nafasi ya 2 kati ya mbavu. Hesabu kuteremka kutoka hapo. Usianzie mtulingani, kwa sababu ubavu wa 1 umefichwa nyuma yake na hesabu yote itapotea kwa moja. Pigo la ncha ya moyo kwa mtu mzima hupatikana kwenye nafasi ya 5 upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Elektrodi ya V4 ya kupima umeme wa moyo hukaa hapohapo. V1 na V2 ziko nafasi ya 4, kila upande wa kidari. Kuziweka nafasi ya 2 au ya 3, kosa la kila siku, huweza kutoa mchoro unaofanana na wa ugonjwa.

Fumbatio ligawe robo 4 kwa mistari miwili inayokutana kitovuni. Robo ya juu kulia ina ini na mfuko wa nyongo. Ya juu kushoto ina bandama na sehemu kubwa ya tumbo la chakula. Ya chini kulia ina kidole tumbo. Maumivu ya kidole tumbo kilichovimba mara nyingi huanzia karibu na kitovu, kisha huhamia kwenye nukta aliyoieleza Charles McBurney mwaka 1889: chora mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, nukta iko theluthi moja ya njia kutoka kwenye ncha ya nyonga.

Sindano ya takoni ndiyo inayoharibu zaidi mahali pakitajwa vibaya. Robo ya superia na laterali inayosemwa vitabuni ni ya eneo zima, kutoka ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga hadi mkunjo wa chini wa tako. Anayegawa robo kwenye nyama inayobonyea tu hushuka sana na kukaribia neva ya siatiki, ile inayoshuka mguuni, na mtu huondoka akiburuta wayo. Kwa mtoto mchanga tako halitumiki: chagua theluthi ya kati ya paja, upande wa mbele na laterali.

Hatua ya 8: Andika sentensi nzima

Fuata mpangilio mmoja: aina ya kitu, ukubwa, kipande cha kiungo, kulia au kushoto, uso wake, umbali kutoka kwenye mfupa au mkunjo, na mwelekeo wa kitu chenyewe. Kile kidonda cha mwanzo sasa kinasomeka hivi: "Jeraha la kukatwa, urefu sm 4, upana sm 0.5, kwenye kigasha cha kulia, uso wa anteria, karibu na ukingo wa laterali, sm 6 proksimali ya mkunjo wa kifundo cha mkono, limelala kwa mkingamo. Limefika kwenye misuli ya juujuu."

Urefu upimwe kwa rula, si kwa "kama kidole". Mpe mwenzako ambaye hajamwona mgonjwa aisome, na kalamu aweke alama kwenye kigasha chake mwenyewe. Alama ikikosea kwa zaidi ya sm 2, rudi uangalie: karibu kila mara kilichokosekana ni "ya nini" baada ya proksimali, au uso haukutajwa.